Mtani Wangu wa Mbio za Magari

Mimi nina mdomo. Wanafunzi wangu wa udereva wananisengenya kwamba yule mama akikufundisha gia lazima utoe chozi, na wala sikatai. Ukinizimia gari mara tatu pale barabara ya kwenda Msamvu, huku malori yanapiga honi nyuma yetu, utayasikia mambo ambayo hata mama yako mzazi hajawahi kukwambia. Lakini mdomo huu sikuzaliwa nao. Niliupata kwenye banda la gemu, mtaa wa Mji Mpya, kwa mtu mmoja ambaye sasa yuko chini ya udongo wa Matombo.

Nilikuwa kidato cha tatu. Mama alinituma sukari, na njia ya dukani ilipita mbele ya lile banda. Lilikuwa la mabati, lina mabenchi mawili na tivii nne za chogo. Tatu zilikuwa za mpira, na huko wavulana walibanana wakigombana utadhani wamo uwanjani kweli. Ya nne ilikuwa karibu na mlango, rangi zake zimeharibika, kila kitu kijani. Hiyo iliwekewa gemu la magari kwa sababu hakuna aliyeitaka. Nikasimama mlangoni na sukari yangu mkononi, naangalia gari la kijani likipanda mlima wa kijani, nikasahau kwamba nasubiriwa nyumbani.

Kijana aliyekuwa analicheza ndiye aliyekuwa analinda banda. Banda lilikuwa la mjomba wake. Alinizidi miaka miwili, alikuwa amemaliza kidato cha nne na hana kazi. Hakuniuliza jina. Aliniuliza mimi ni wa ukoo gani, maana kwetu Waluguru ukoo unaufuata kwa mama, na ukishautaja mtu anajua akuweke wapi. Nikautaja. Akacheka mpaka akaligonga gari lake mwambani, akanyoosha mkono, akachukua sukari yangu na kusema kuanzia hapo ni mali yake, kwa sababu mimi ni mtani wake.

Ilikuwa kweli. Ukoo wake na ukoo wangu ni watani tangu enzi za mababu huko milimani. Mtani anaweza kukuambia una sura ya kiatu kilichoanikwa, anaweza kukuchukulia kitu mkononi mchana kweupe, na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye aibu. Akaniambia nikitaka sukari yangu nikae nishindane naye. Nilikaa, nikashindwa vibaya, nikatukanwa mbele ya wavulana wote, kisha akanirudishia pakiti ikiwa imepungua viganja viwili. Nyumbani mama alikuwa ameshaandaa fimbo. Nilipomtajia ukoo wa aliyeichukua, aliiweka fimbo chini akacheka, akasema basi kesho kutwa nirudi nikamwibie na yeye kitu.

Nikarudi. Nikaendelea kurudi miaka kumi na minne.

Watu walitushangaa sana mwanzoni. Msichana wa Kiislamu, na ushungi wake, kila Jumamosi baada ya alasiri yuko kwenye banda la gemu na kijana wa Kikatoliki! Ukweli ni kwamba hatukuwa na jingine. Kulikuwa na magari tu. Tulicheza kioo kikiwa kimegawanywa katikati, gari langu juu na lake chini, na karibu kila mara tulichagua njia ileile ya milimani yenye ukungu. Alisema aliyeitengeneza lazima aliwahi kupita barabara ya Matombo. Tuliziita kona zake kwa majina ya huko kwetu: hapa Kiroka, hapa Mkuyuni, hapa njia panda ya Kinole kwa bibi yangu, pale juu misheni kwao. Anayeshinda ana haki ya kutukana. Anayeshindwa anakaa na tusi lake mpaka Jumamosi nyingine. Sheria ilikuwa hiyo tu.

Na yule bwana alijua kutukana, jamani. Aliniambia nakata kona kama bibi harusi anayeogopa kukanyaga shela. Nami nikawa nakaa darasani, mwalimu anafundisha, mimi natafuta la kumjibu. Ninavyofikiri sasa, kila nilichokuja kukiweza maishani kilianzia kwenye lile benchi. Yeye ndiye aliyenisukuma nikasomee udereva. Alisema wanaume wa mji huu wanabana breki katikati ya kona, mimi napunguza kabla, kwa hiyo niende nikaonyeshe. Siku ya mtihani alikuja akashika waya wa uzio na kunizomea mwanzo hadi mwisho, na askari aliyekuwa ananipima akauliza yule kichaa ni nani. Nikamjibu ni mtani wangu. Askari akacheka akaandika nimefaulu. Leo nafundisha, na hilo la kupunguza kabla ya kona nawaambia wanafunzi kila siku, ingawa siwaambii nimelitoa wapi.

Nilipoolewa, mume wangu, ambaye anatoka mbali na mambo yetu hayajui, alisema Jumamosi zile sasa basi. Mama yangu alimwita akamweka chini, akamuuliza amesikia wapi mwanamke akakatazwa mtani wake. Mwisho mume wangu akaja mwenyewe kukagua. Alikaa kwenye benchi dakika kumi, mtani wangu akamtukania suruali, viatu, na namna alivyotoa mahari kwa mwanamke asiyejua kupiga kona. Mume wangu alirudi nyumbani anacheka peke yake, na hakuuliza tena.

Ugonjwa ulianza na mlango wa banda. Ulikuwa wa bati, wa kunyanyua, na siku moja nikamkuta ameunyanyua nusu, ameinama, anahema. Nikamwambia uzee umefika. Akasema ni mlango ndio umezeeka. Baada ya miezi kadhaa miguu ikaanza kuvimba. Hospitali wakasema moyo umetanuka, kuna sehemu zake zimeharibika tangu utotoni na hazifungi vizuri, na upasuaji ungefaa zamani, si sasa. Walimpa vidonge na tarehe za kurudi. Mimi ndiye niliyekuwa nampeleka, kwa gari la shule ya udereva, lenye bango la L mbele na nyuma.

Sasa hapa ndipo nilipokosea, na nitalisema lilivyo.

Jumamosi ya kwanza baada ya yale majibu tulicheza, nikamshinda. Alikuwa anahema na jasho limemtoka juu ya mdomo. Tusi lilikuwa tayari kwenye ulimi wangu, tusi zuri, nililitengeneza wiki nzima. Nikalimeza. Nikamwambia, "Pole, umechoka." Aligeuka akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha asiyoijua, halafu akarudisha macho kwenye tivii.

Jumamosi iliyofuata nikaanza kumwachia. Nilikuwa nakanyaga breki palipo wazi, nachelewa kutoka kwenye kona, najifanya ukungu umenipoteza. Alishinda, akanitukana kwa nguvu kuliko zamani. Alinitukania pua, akanitukania wakwe, akaenda mpaka kwa bibi yangu wa Kinole na ndizi zake. Alikuwa ananichokoza nijibu. Nami nilikuwa namtazama na kutabasamu kama nesi wa zamu. Nilijiona mtu mwema sana. Nilifikiri hivyo ndivyo mgonjwa anavyotunzwa, na nilifika nyumbani nikamwambia mume wangu nimempa raha kidogo maskini wa watu.

Jumamosi ya nne nilisimamisha gari kabisa karibu na mwisho, nikasema padi ya kuchezea imenata. Padi zile alizitengeneza mwenyewe, kila kitufe alikijua. Akaiweka yake chini, polepole, akainuka na kuzima tivii.

"Umeshanizika," akasema.

Nikamwambia asiseme maneno hayo. Akaendelea, wala hakupaza sauti.

"Kila mtu ananionea huruma. Mama, mjomba, daktari. Hata hawa watoto wa mpira nikipita wananyamaza. Nilikuwa nimebaki na mtu mmoja wa kunitukana."

Ningeweza kumtukana palepale na mambo yangeisha. Badala yake nikakasirika. Ilikuwa ile hasira ya mtu aliyekamatwa. Nikamwambia hana shukrani, mimi ndiye ninayempeleka kliniki, ninaacha wanafunzi juani kwa ajili yake, na malipo yake ndiyo haya. Nikachukua mkoba wangu nikaondoka. Nyuma yangu wavulana wa mpira walikuwa kimya kweli.

Jumamosi tano sikwenda. Kliniki alipelekwa na mtu mwingine. Nilijiambia namsubiri aombe radhi, na moyoni nilijua hakuna cha kuombwa radhi. Kununa! Kumnunia mtani! Watu wa kwetu wanaweza kugombania shamba, wanaweza kukimbiana mahakamani, lakini hilo la kumnunia mtani ukilisimulia huko milimani watakuuliza kama una akili timamu. Sikumsimulia mtu. Hata mama sikumwambia.

Katika wiki ya tano mjomba wake alikuja shuleni kwetu. Nilikuwa namfundisha mtu kurudi nyuma kati ya nguzo, nikamwona mzee amesimama kwenye uzio kofia mkononi. Nikashuka, nikamwamkia shikamoo. Aliitikia, akasema mpwa wake amepelekwa Matombo kwa mama yake, dawa zimeongezwa na hazifanyi kitu. Kisha akaniambia yeye ni mtu mzima, hajawahi kusikia watani wamenuniana, na sasa anataka kujua kama inabidi waitwe wazee wa koo mbili kwa ajili ya gemu.

"Amenituma," akasema. "Mwambie mtani wangu aje. Na aje na mdomo wake."

Jumapili asubuhi nikaomba gari la shule, mwenye shule akanipa. Mpaka Mkuyuni nilikuwa kimya. Kutoka pale, barabara ilipoanza mashimo na mawe, nikaanza kufanya mazoezi. Kweli kabisa, mwanamke mzima peke yake ndani ya gari la L, natukana kwa sauti kila kona. Nilimwambia nimekuja kukagua mirathi, padi ziko wapi. Nikamwambia mgonjwa gani huyu anayekula ugali sahani mbili na nyama za mjomba wake. Nikamwambia moyo kutanuka si ajabu, kichwa nacho kilitanuka siku nyingi na hakuna aliyempeleka hospitali. Hili la mwisho lilinichekesha mwenyewe, nikalirudia mara tatu ili nilipange vizuri. Wanawake waliobeba mikungu ya ndizi walisimama pembeni kunipisha, wakanishangaa ninavyoongea na usukani.

Nyumba yao iko juu kidogo ya misheni. Uani mdalasini ulikuwa umeanikwa kwenye mkeka. Mama yake alinipokea, nikamwamkia, akanionyesha mlango wa chumbani na yeye akaenda zake jikoni, haraka kidogo, hata habari za mjini hakuziuliza.

Alikuwa amekaa kitandani, ameegemezwa mito. Amenyolewa ndevu. Amevaa shati lililopigwa pasi. Aliponiona alitabasamu, akakunja mikono kifuani kama mtu anayesubiri sinema ianze.

Mikono ilikuwa imekonda mpaka saa imeteleza karibu na kiwiko. Tumbo limejaa. Shingoni mshipa ulikuwa unaruka, unaruka, nikaweza kuuhesabu nikiwa mlangoni. Nilimpenda yule mtu. Sijui neno lingine la kutumia, na sijali mtu atakavyolielewa. Nikafungua mdomo wangu, huu ambao mji mzima unaulalamikia, na kilichotoka ni hiki:

"Pole sana. Mungu atakusaidia."

Alisubiri kidogo. Nadhani alifikiri naanza kwa mbali. Nikakaa kwenye kiti, nikashika mkoba wangu kwa mikono miwili. Akasubiri tena. Kisha mikono yake ikashuka kutoka kifuani, akasema, "Asante."

Baada ya hapo akawa ananiongelesha kwa adabu. Akaniuliza hali ya mume wangu. Akaniuliza kama mvua zimeshika huko mjini. Miaka kumi na minne hajawahi kuniuliza habari ya mvua. Nikamjibu, nami nikamuuliza habari za mdalasini mwaka huu, akasema si mbaya. Kila nilipotaka kuanza, neno lilikwama, nikajiambia subiri kidogo, ngoja apumue, ngoja anywe maji. Mwisho nikasema barabara ni mbaya, afadhali niwahi. Akasema, "Safari njema. Asante kwa kuja kuniona." Aliniaga kama wanavyoagwa wageni wa parokia.

Alifariki Jumatano. Mjomba alipiga simu asubuhi nikiwa kazini.

Kwetu msiba una mwenyewe, na mwenyewe si mfiwa, ni mtani. Mfiwa analia. Mtani anachota maji, anapika, anachimba, na pamoja na hayo yote anapewa nguo za marehemu azivae, amwigize, awacheke wafiwa mpaka wasahau kidogo. Nilipofika Alhamisi wanaume waliokuwa chini ya turubai walianza kuambiana mtani wake huyo. Shangazi mmoja akanitupia shati na kofia ya marehemu. Shati lilikuwa lile la Jumapili.

Nililivaa juu ya gauni langu, na kofia juu ya ushungi. Nikavuta kigoda katikati ya uwanja, nikakaa kama alivyokuwa anakaa, nusu ya makalio hewani, ulimi nje, mwili mzima umelalia upande kana kwamba benchi ndilo gari. Wavulana wa lile banda walikuwa wamekuja, sasa ni wanaume wenye watoto, wakapiga kelele kwa kicheko. Nikaendelea. Nikasema yote. Mirathi, sahani mbili za ugali, kichwa kilichotanuka. Na mengine ambayo sikuyapanga, yalikuja yenyewe, moja linavuta jingine. Walipotaka kutoa jeneza nikajilaza mlangoni, nikasema hatoki mtu hapa mpaka akubali mbele ya padri kwamba hajawahi kunishinda kwenye ukungu. Mjomba wake akajibu kwa niaba yake kwamba amekubali. Padri alikuwa anatazama viatu vyake, mabega yanamcheza. Hata mama yake, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka tangu jana bila kula, alijifunika kanga usoni akacheka.

Sijawahi kumtania vizuri namna ile. Nilipolala pale kizingitini, watu wananirukaruka, nilielewa nilichokuwa nafanya. Nilikuwa nampa akiwa maiti kitu alichokiomba akiwa hai, kitu hichohicho, maneno yaleyale. Mbele ya watu mia nilikuwa nayo. Mbele yake sikuwa nayo.

Baada ya maziko nilivua shati, nikaosha masufuria pamoja na watani wengine. Jua lilikuwa limeanza kupoa. Mama yake alinifuata jikoni, akafunga mlango kwa mguu, akanimiminia chai ya mdalasini kwenye kikombe cha bati. Akakaa kwenye kigoda, mimi nikakaa kwenye mfuko wa mkaa.

Akaniambia nimefanya kazi. Akasema hakudhani angecheka leo. Kisha akawa anakunja na kukunjua pindo la kanga yake.

"Mtani wangu," akasema, maana yeye na mwanawe ni ukoo mmoja, na mimi ni mtani wa wote wawili. "Ile Jumapili aliamka mapema, akaomba maji ya kuoga. Mjomba wake akamnyoa. Akaniambia, mama, leo natukanwa, wewe kaa jikoni, usije ukamkatisha. Basi nikakaa hapahapa. Nikazima na redio. Nilikuwa nasubiri kusikia mnacheka."

Nje wanaume walikuwa wanafungua turubai.

"Sikusikia kitu," akasema. "Mlikuwa mnaongea chinichini?"

Nilimtazama. Macho yake yalikuwa yamevimba, na yalikuwa yanataka jibu moja tu.

Nikamwambia ndiyo, tuliongea chinichini, kwa sababu yalikuwa matusi ya aibu.

"Kwa hiyo ulimtukana."

"Nilimtukana, mama."

"Akacheka?"

"Alicheka sana."

Akasema afadhali. Akachukua birika, akaniongezea chai.